Kutoa Shafti za Mbele Nyumbani

Katika Skuta na miji ya Mlima Kenya yako magari mengi yanayovutwa kwa magurudumu ya mbele. Mwenye kutaka kutoa shafti zake nyumbani na atafute mahali tambarare, kwani nchi hii ni ya miteremko, azuie magurudumu ya nyuma kwa mawe. Nati kubwa ya katikati hulegezwa gari lingali chini, maana imekazwa sana. Kisha gari likalishwe juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake ikiteleza huua. Gurudumu liondolewe, mafuta ya giaboksi yakingwe chomboni, boljointi ya chini ifunguliwe. Shafti isivutwe kwa nguvu, viungo vyake visije vikaachana. Ing'olewe kwa mtaimbo karibu na giaboksi. Wakati wa kurudisha, nati iwe mpya.