Kambi, Dago na Makazi

Neno la Kiingereza "camp" lina maana nyingi, wala Kiswahili hakilifasiri kwa neno moja. Wavuvi wa pwani wanaolala ugenini kufuata samaki huenda dago. Msafiri hupaita kituo pale atuapo mzigo. Kambi ni ya askari, na siku hizi hata ya wapinzani bungeni. Lakini tofauti iliyo nzito ni ya kambi na makazi. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Ulyankulu na Mishamo, nako kukaitwa makazi, maana mtu alikaa akalima. Nduta, wilayani Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka 2015, iliitwa kambi: humo mkimbizi alingoja posho, wala hakutoka bila kibali. Mfasiri aziitaye zote kambi humfanya mkulima wa Mishamo kuwa mla posho.