Mtoto asiyetulia: je, chakula ni dawa?

Wazazi wa Kiswere wametuuliza: mtoto mwenye ADHD, asiyetulia wala kumakinika, aachishwe sukari? Sukari haijathibitika kuleta hali hii, ingawa meno yatashukuru. Rangi za bandia ni jambo jingine. Utafiti wa Southampton, Uingereza, wa 2007 uliona baadhi ya watoto wakizidi kuhangaika wakinywa vinywaji vyenye rangi hizo na sodiamu benzoeti. Tangu 2010 Umoja wa Ulaya unalazimisha onyo kwenye paketi. Basi punguzeni ubuyu wa rangi na juisi za unga. Mafuta ya samaki husaidia kidogo tu, na vidonge vyake huwa na jelatini, pengine ya nguruwe. Vibua vya pwani yetu vinatosha. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, kwa hiyo msimkatizie mtoto dawa ya hospitali kabla ya kumuuliza daktari.