Alinyang'anywa kibanda, akabaki na mali yake

Anayepanga kibanda sokoni anajua kwamba mwenye kibanda akitaka chake, mpangaji hutoka. Kinachomwokoa siku hiyo ni mali iliyo yake mwenyewe. Ndivyo ilivyotokea nchini Uingereza kwa vitabu vya kipindi maarufu cha televisheni, Doctor Who.

Kipindi hicho cha msafiri anayezunguka katika nyakati na sayari mbalimbali kilianza kurushwa na BBC Novemba 1963. Kanda za video za kuangalia nyumbani zilikuwa bado, hivyo aliyekosa kipindi alikuwa amekikosa. Kuanzia 1973, vitabu vidogo vya bei nafuu vyenye nembo ya Target viliziba pengo hilo kwa kusimulia upya yaliyorushwa. Mwandishi Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60.

Mwaka 1989 BBC ilisimamisha kipindi. Wateja walikuwepo, bidhaa ikakatika. Kampuni ya Virgin ikapata leseni ya kutoa hadithi mpya kabisa, na kitabu cha kwanza kikatoka 1991. Safari hii waandishi hawakurudia yaliyokwisha kuonekana. Walichimba maisha ya wahusika: walikotoka, wanachoogopa, waliyoyaficha. Hata waandishi ambao hawajawahi kuchapishwa walikaribishwa kuleta miswada.

Mwaka 1992 Paul Cornell aliingiza katika mfululizo huo mhusika mpya, Bernice Summerfield, mtaalamu wa mambo ya kale asiyewahi kuonekana kwenye televisheni. Wasomaji walimpenda.

Kisha mwenye kibanda akataka chake. Baada ya filamu ya televisheni ya 1996, BBC iliamua kuchapisha vitabu hivyo yenyewe, na Virgin ikapoteza leseni. Lakini Bernice hakuwa mali ya BBC. Haki zake zilikuwa za aliyembuni. Virgin ikaendelea kuuza visa vyake, bila Doctor, hadi 1999. Kampuni changa ya michezo ya kusikiliza, Big Finish, nayo ilianza na Bernice mwaka 1998. Mwaka uliofuata ikapewa leseni ya Doctor Who yenyewe.

Televisheni nayo ilifaidika. Kipindi kiliporudi 2005, aliyekiongoza ni Russell T Davies, ambaye 1996 alikuwa ameandika mojawapo ya vitabu vya Virgin. Mwaka 2007 kitabu cha Cornell cha 1995 kiligeuzwa kuwa kipindi.

Kwa anayevusha mabegi na madaftari yenye picha za katuni pale Namanga, Busia au Mutukula kila shule zinapofunguliwa, kisa hiki si cha mbali. Mhusika ana mwenyewe, na leseni huandikwa kwa nchi na kwa muda. Karatasi inayomruhusu mtu kuchapa Nairobi si lazima imruhusu kuuza Arusha. Kenya ina sheria ya bidhaa bandia tangu 2008. Mzigo ukikamatwa, hasara humwangukia aliyeubeba.

Kwa hiyo kabla ya kulipia shehena, muuzaji wa jumla aulizwe mambo matatu: mhusika ni wa nani, leseni ni ya nchi gani, na inaisha lini. Na msanii wa kwetu anayebuni mhusika wa tamthilia aulize la nne kabla ya kutia saini: mkataba ukiisha, mhusika anabaki kwa nani?