BETRI YA SIMU YAKO YA ZAMANI IMEVIMBA? SOMA HII KABLA HUJAICHOMEKA TENA



Leo tuache kidogo mambo ya bei na picha. Naomba ufungue droo, au kile kiboksi unachowekea chaja mbovu. Ile simu uliyoanzia biashara bado ipo? Iweke mezani kioo kikiwa juu, kisha izungushe taratibu kwa kidole. Ikizunguka kama pia, ujue mgongo umevimba. Angalia na pembeni. Kioo kimeachia? Mfuniko umenyanyuka? Usijipe moyo kwamba ni gundi tu imechoka, hiyo inawezekana kabisa ni betri.

Najua kwa nini hatuziachi hizi simu. Ina laini ya biashara, ina wateja wa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mtu anaibana na rababendi, anaendelea kuichaji usiku pembeni ya mto. Na wengi wetu chumba cha kulala ndiyo stoo. Mimi nauza nguo za watoto, mzigo wangu uko hatua mbili kutoka kitandani, na mifuko ya nailoni ya kufungia imejaa kona nzima. Moto ukianza hapo hauishii kwenye simu. Unaenda na mtaji, na watu waliolala.

KWA NINI INAVIMBA
Betri za simu zetu ni za lithiamu. Ndani kuna upande wa chanya na wa hasi, katikati kuna utando mwembamba wa plastiki, na kuna kimiminika kinachoshika moto. Betri ikizeeka, ikipata joto sana, ikichajiwa na chaja mbovu au ikipigwa chini, kile kimiminika kinaanza kuharibika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, ndiyo uvimbe unaouona. Ule utando ukitoboka, pande mbili zinagusana, joto linapanda, na joto linazaa joto lingine. Hata kama simu haiko kwenye chaji.

Mnakumbuka Samsung Galaxy Note 7? Ilitoka Agosti 2016, Septemba wakaanza kuzirudisha, Oktoba wakaacha kabisa kuitengeneza. Tatizo lilikuwa betri. Na zile zilikuwa simu mpya kabisa.

USIFANYE HAYA
- Usiichaji tena, hata dakika tano "nitoe namba za wateja tu".
- Usiitoboe kwa sindano itoe hewa. Kuna watu wanafanya hivi. Hewa ile inashika moto na ina sumu, na sindano yenyewe inaweza kugusanisha chanya na hasi.
- Usiikandamize kioo kirudi.
- Usiiweke kwenye friji wala juani.
- Usiitupe kwenye taka za nyumbani. Gari la taka linakandamiza mzigo, na huko dampo kama Pugu Kinyamwezi kuna watu wanachambua taka kwa mikono.
- Usiichome na takataka uani. Moshi wake ni sumu.

FANYA HIVI
1. Kama iko kwenye chaji, zima swichi ya ukutani kwanza, ndiyo uchomoe.
2. Izime simu.
3. Toa laini na memori kadi kama zinatoka bila kulazimisha.
4. Kama ni simu ya mfuniko wa kufungua na betri inatoka yenyewe, itoe taratibu, ziba zile sehemu za shaba kwa selotepu. Ikigoma, iache humo humo. Kama ni simu isiyofunguka, usichokonoe na kisu, hiyo ni kazi ya fundi.
5. Chukua kopo la bati, kama la maziwa, weka mchanga mkavu, laza simu, funika na mchanga mwingine. Mfuniko uwe juu juu tu, usikaze, gesi ipate njia.
6. Liweke nje kwenye sakafu ya saruji, kivulini, pasiponyeshewa, mbali na watoto, mtungi wa gesi na mzigo wako. Mimi la kwangu lilikaa siku mbili nyuma ya nyumba huku nikitafuta pa kulipeleka, na wapangaji wenzangu wote niliwaambia lina nini.

NA WATEJA JE?
Huna haja ya kuiwasha. Pesa ya mtandao iko kwenye laini, kwa hiyo hamishia laini simu nyingine. WhatsApp ukiisajili kwa namba ile ile kwenye simu mpya, ile ya zamani inajitoa. Chati zitarudi kama ulikuwa umewasha kuhifadhi nakala kwenye Google. Kisha ingia kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya vifaa, uitoe ile simu, na ubadilishe nywila. Usipuuze hili. Humo kuna namba za wateja, anwani zao, wengine walikutumia mpaka picha za vitambulisho. Simu ikienda kwa fundi, memori inaenda nayo.

UTAIPELEKA WAPI
Piga simu kwanza, usiende nayo kienyeji. Anza na kituo cha huduma cha kampuni ya simu yako, au fundi unayemwamini, umuulize betri mbovu anazipeleka wapi. Akikwambia "natupa tu", tafuta mwingine. Kwa Tanzania taka hatarishi zinasimamiwa na NEMC, uliza ofisi yao ya kanda nani ana kibali cha kukusanya. Walioko Nairobi kuna WEEE Centre. Rwanda kuna Enviroserve, kiwanda kiko Bugesera.

Ukiipeleka, nenda nayo kwenye kopo lake. Usiiweke mfukoni wala chini ya siti ya boda. Usiitume kama kifurushi cha basi, na kwenye ndege ndiyo kabisa hairuhusiwi.

KWA WANAOUZA SIMU YUZDI
Kila simu inayoingia, ifanyie lile jaribio la kuzungusha kabla hujalipa. Na usiuze iliyovimba kama "ya spea" bila kusema. Mteja ataiweka ndani kwake alale nayo.

IKIANZA KUTOA MOSHI
Ukisikia inafoka, imepata moto sana au inatoa harufu kama ya rangi ya kucha, usiishike. Toa watu nje, fungua mlango, usivute ule moshi. Kama haiko kwenye umeme na upo mbali kwa usalama, mwagia maji mengi, yanapoza. Moto ukishika vitu vingine, toka, piga 114 Zimamoto.

Simu nyingine utanunua, hata ya mkononi kwa mtu. Namba ni ile ile, wateja watakupata. Kaangalie droo leo, halafu mtumie na mwenzako anayechaji simu ya rababendi.