Sombe iliyolala: ile au imwagwe?

Na Mwandishi Wetu

Wafanyabiashara wengi wanaovuka mpaka kati ya Gisenyi na Goma hupika usiku, kwani alfajiri ni ya kuwahi foleni. Sufuria ya sombe huachwa mezani. Asubuhi huchotwa kidogo ya kubeba, na inayobaki husubiri hadi jioni. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Tumbo likichafuka, siku ya biashara imepotea. Na kwa mtoto mdogo, kuhara kunaweza kuua.

Vijidudu huzaana haraka katika chakula chenye nyuzijoto kati ya 5 na 60. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Vipo vijidudu vinavyostahimili kuchemshwa, kisha huzaana tena sufuria kubwa inapopoa polepole. Vingine huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo si kweli kwamba moto huua kila kitu.

Waliorejea nyumbani wawe waangalifu zaidi. Sombe ndiyo kisamvu cha Tanzania, ila hali ya hewa hubadilika. Mboga iliyovumilia usiku wa baridi milimani huchacha mapema Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Mazoea ya ulikotoka yasikudanganye.

Asiye na friji afanyeje? Apike kiasi cha mlo mmoja. Mboga ya safari iwekwe ikiwa inachemka ndani ya hotipoti safi, na iliwe ingali ya moto. Ikishakuwa vuguvugu, usiiweke hadi jioni.

Mwenye friji aigawe katika vyombo vidogo, aipoze kwa kuviweka ndani ya beseni la maji baridi, aifunike na kuiweka kwenye friji kabla ya saa 2 kupita. Itakaa siku 3 hadi 4. Umeme ukikatika zaidi ya saa 4, usiiamini tena. Pasha kiasi cha kula tu, hadi ichemke yote, wala usichanganye mboga mpya na ya jana.

Dalili za kuharibika ni harufu ya uchachu, povu au mapovu bila moto, utelezi na ukungu. Ukiona mojawapo, mwaga, usionje kuhakikisha. Kuongeza ndimu au pilipili huficha ladha tu, sumu inabaki. Tena kumbuka: mboga inaweza kunukia vizuri na bado ikadhuru. Kama imelala nje usiku kucha, saa ndizo shahidi, si pua.

Aliyeanza kuhara apewe maji ya chumvichumvi ya ORS. Yakikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mtoto aliyelegea, au anayehara damu, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kumwaga mboga kunauma, hasa mafuta ya mawese yakiwa ghali. Lakini bei ya sufuria moja ni ndogo kuliko ya dawa na siku tatu za kulala kitandani.