Ulimi uliofungwa unapofika ukubwani
Ulimi uliofungwa ni hali ya kuzaliwa nayo: utando unaounganisha ulimi na sakafu ya kinywa huwa mfupi, mnene au umekaza mno. Mtu mzima ambaye hakutibiwa huenda ashindwe kulamba midomo, kutoa mabaki ya chakula kwenye magego au kupuliza zumari. Wengi hujizoeza wenyewe kutamka vizuri. Wengine husumbuliwa na sauti kama r, l na th, na kuwadhihaki kwa hilo ni ukatili. Asiyesumbuliwa hahitaji upasuaji. Anayesumbuliwa hupigwa sindano ya ganzi, utando ukakatwa na kushonwa, kisha akafanya mazoezi ya ulimi. Kujikata nyumbani ni hatari: chini ya ulimi hupita mishipa ya damu na mirija ya mate.