Trwaziemu: mwaka ambao mtoto wa Uvira hubadilishiwa lugha

Mzazi wa Uvira anayetaka kujua kama mtoto wake atamaliza shule ya msingi vizuri hungoja darasa la sita, mwaka wa mtihani wa taifa. Hapo ndipo huanza kutafuta mwalimu wa jioni, kukusanya maswali ya miaka iliyopita na kumpunguzia mtoto muda wa kucheza. Huwa amechelewa. Mengi yanayomwangusha mtoto darasa la sita yalianza miaka mitatu nyuma, katika darasa lisilo na mtihani wa taifa wala sherehe: mwaka wa tatu, au trwaziemu kama wanavyouita watu wa mitaa ya Mulongwe, Kasenga na Kalundu.

Kwa nini mwaka huo? Jibu limo katika namna elimu ya Kongo ilivyopangwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, kisha inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba. Sheria-msingi ya elimu Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha hizo za taifa katika kufundishia. Miaka sita ya msingi imegawanywa katika ngazi tatu za miaka miwili miwili. Katika ngazi ya mwanzo, mtoto wa mashariki hutakiwa kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, huku Kifaransa akikizoea kwa kusikia na kusema. Katika ngazi ya mwisho, Kifaransa kinashika masomo karibu yote. Ngazi ya kati ni kivuko, na mwaka wa tatu ndio mlango wake.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Shuleni mambo hutofautiana. Shule nyingi za binafsi mjini huanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza, kwa sababu wazazi wanakilipia. Katika shule za serikali na zile zinazosimamiwa na makanisa, ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti kama CEPAC na CELPA, mwalimu huandika ubaoni kwa Kifaransa na kueleza kwa Kiswahili. Pengine huongeza neno la Kifuliru, Kivira, Kibembe au Kirundi kwa mtoto aliyeshuka mlimani au aliyetoka ng'ambo ya mpaka karibuni. Kwa mtoto wa miaka minane hiyo ni kazi kubwa: lugha ya nyumbani, Kiswahili cha mtaani, Kiswahili cha kitabuni na Kifaransa cha ubaoni, vyote katika asubuhi moja.

Tuiangalie asubuhi hiyo. Kengele inagongwa, mara nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Watoto wanapanga mistari, mashati meupe juu, sketi na suruali za bluu chini. Bendera inapanda, wimbo wa taifa unaimbwa kwa Kifaransa, na mwalimu wa zamu anaweza kukagua kucha. Ndani ya darasa, watoto watatu au wanne wanabanana kwenye dawati moja. Kuna ubao, chaki, vibao vya kuandikia, makaye, yaani madaftari, na kitabu kinachosomwa na zaidi ya mmoja. Masomo hufuatana kwa vipindi vifupi: Kifaransa, hesabu, Kiswahili, mazingira na afya, uraia na maadili, dini, kuchora, kuimba, michezo. Kila kipindi kina kivuko chake.

Anza na kusoma. Maandishi ya Kiswahili humpa mtoto urahisi ambao lugha nyingi hazina. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na herufi ikiandikwa hutamkwa. Mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno asilowahi kuliona. Kifaransa hakina huruma hiyo. Sauti ya “o” huandikwa “o”, “au” au “eau”. Herufi za mwisho wa neno mara nyingi hunyamaza. Neno “oiseau”, yaani ndege, lina herufi sita na irabu zote tano za Kiswahili, na hakuna hata moja inayotamkwa kama mtoto alivyoizoea. Aliyekwisha kusoma vizuri kwa Kiswahili anashangaa kidogo, kisha anaelewa kwamba hapa kanuni ni nyingine. Yule ambaye bado anasuasua kwa Kiswahili hana kanuni ya kwanza ya kulinganisha na ya pili. Anachoweza ni kukariri umbo la ukurasa. Mwalimu akifungua ukurasa wa ndege, anataja ndege. Akibadilisha sentensi, ananyamaza.

Kwa hiyo Kiswahili cha miaka miwili ya mwanzo ndicho kinachomwandaa mtoto kusoma Kifaransa. Ujuzi wa kuunganisha sauti na herufi, kufuata mstari na kutafuta maana katika sentensi hupatikana mara moja maishani. Mtoto akiupata kwa lugha anayoielewa, anahama nao kwenda lugha nyingine. Akilazimishwa kuutafuta kwa lugha asiyoielewa, anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mara nyingi yote miwili inamwanguka.

Katika hesabu shida hujificha zaidi, kwa kuwa namba zinaonekana kuwa ni zilezile kwa kila lugha. Mtoto wa Uvira anajua hesabu kabla ya shule. Ametumwa dukani na noti ya faranga 500 au 1,000 na kurudi na chenji kamili. Amemwona mama akipanga mafungu ya ndagala na kukadiria bei. Mwulize kwa Kiswahili: mafungu sita kwa faranga 500, ni kiasi gani? Wengi watajibu 3,000 bila kugusa kalamu. Sasa mwandikie ubaoni: “Ali a 12 mangues. Il a 5 mangues de plus que Neema. Combien de mangues a Neema?” Mtoto anaona neno “plus”, jina lilelile la alama ya kujumlisha, na anaandika 17. Jibu ni 7. Kwa Kiswahili tungesema Ali anamzidi Neema maembe matano, na mtoto angejua papo hapo kwamba ya Neema ni machache. Amekosea lugha, lakini alama nyekundu inaandikwa upande wa hesabu. Yakirudiwa makosa kama hayo, mtoto anaanza kuamini kwamba hesabu si fungu lake.

Hata majina ya namba yana mchango wake. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: Kiswahili kinamwonyesha mtoto kumi na kilichobaki juu yake. Kifaransa kinamficha hadi “seize”, ndipo kinaanza kutaja kumi waziwazi. Wakongo wamepona shida moja, kwa kuwa walirithi kwa Wabelgiji “septante” na “nonante”, namna nyepesi ya kutaja 70 na 90 kuliko ile ya Paris. Mwalimu hodari hutumia yote mawili: anajenga makumi na mamoja kwa Kiswahili, kwa vijiti au vifuniko vya chupa, kisha anaweka jina la Kifaransa juu ya kitu ambacho mtoto amekwisha kukielewa.

Somo la mazingira ndilo linaloonyesha zaidi tunachopoteza. Watoto hawa wamezungukwa na kitabu kikubwa kilicho wazi. Mashariki yao kuna Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lenye kina cha karibu mita 1,470. Magharibi ipo milima ya Mitumba. Katikati, kwenye ukanda mwembamba, mji wao umepitiwa na mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira. Kaskazini ni Ruzizi, ambao mwelekeo wake uliwahi kuwasumbua wasafiri wa Ulaya. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakitaka kujua kama mto huo unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia, lakini wao waliondoka bila kuuona. Livingstone na Stanley walihakikisha mwaka 1871 kwamba wenyeji walisema kweli: Ruzizi hutoka Ziwa Kivu na kumiminika Tanganyika. Hilo mtoto wa Kavimvira analijua bila kufundishwa.

Au chukua mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mtoto anayesoma trwaziemu leo alikuwa mchanga wakati huo, ila amesimuliwa nyumbani na mabaki ameyaona. Akiulizwa kwa Kiswahili kwa nini maji yalishuka na mawe, atazungumza juu ya milima iliyokatwa miti, nyumba zilizojengwa kwenye kingo, takataka zilizoziba mifereji. Hiyo ni jiografia. Akiulizwa kwa Kifaransa, atasimama, atatazama chini na kungoja jirani amnong'oneze. Vivyo hivyo kwa kipindupindu, ambacho kimekuwa mgeni wa kila mwaka Uvira kiasi kwamba mwaka 2020 chanjo ya matone ilitolewa kwa mji mzima. Somo la kunawa mikono na kuchemsha maji ya ziwa likikaririwa kwa sentensi za Kifaransa hubaki kwenye kaye. Likieleweka, hufika nyumbani, na huko ndiko linakotakiwa.

Juu ya haya yote kuna msongamano. Ibara ya 43 ya Katiba inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Ahadi hiyo ilianza kutekelezwa kwa kweli Septemba 2019. Watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa ada waliingia shuleni, jambo jema lisilo na shaka. Lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo, na shule nyingi hugawa siku mara mbili, wengine asubuhi, wengine mchana. Ndani ya darasa lililojaa, njia rahisi ya kufundisha ni kiitikio: mwalimu anasema, darasa linarudia. Sauti ya pamoja inampendeza mkaguzi anayepita nje, lakini inawafunika wasioelewa. Anayefuata kwa nusu sekunde nyuma ya wenzake anasikika sawa na anayejua.

Na kuna vita. Mapigano yaliyofika mjini Desemba 2025 yaliwafanya maelfu ya watu wavukie Burundi, watoto wa shule miongoni mwao. Mtoto anayekatiziwa masomo katikati ya kivuko cha lugha hupata hasara kubwa kuliko wa darasa jingine, kwa sababu Kifaransa chake bado hakijashika na Kiswahili chake cha kusoma kinaanza kufifia.

Matokeo ya jumla yanajulikana. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 nchini Kongo hawawezi kusoma na kuelewa andiko jepesi. Umri huo ndio wa mtoto aliyekwisha kupita trwaziemu.

Kuna watakaosema kosa ni la Kiswahili kuchelewesha Kifaransa. Ng'ambo ya ziwa, karibu kiasi kwamba usiku taa za Bujumbura huonekana, kuna ushahidi tofauti. Katika upimaji wa PASEC wa mwaka 2014 uliohusisha nchi kumi zinazotumia Kifaransa, watoto wadogo wa Burundi waliongoza katika lugha na hesabu mwanzoni mwa shule ya msingi. Walipimwa kwa Kirundi, lugha waliyofundishwa na wanayoizungumza nyumbani. Ni kweli Burundi ina wepesi wake, kwa kuwa karibu nchi nzima inazungumza lugha moja. Lakini umaskini wake haupungui wa Kongo, na madarasa yake pia yamejaa. Kilichowasaidia watoto wale ni kuelewa wanachoambiwa.

Wala mzazi anayedai Kifaransa hana kosa. Mtihani wa darasa la sita ni wa Kifaransa, diploma ya taifa ni ya Kifaransa, barua ya kuomba kazi ni ya Kifaransa. Anachotaka ni halali. Njia ndiyo inayobishaniwa. Mtoto hapati Kifaransa kwa kufundishwa mambo yote kwa Kifaransa asichokijua; anakipata kikifundishwa kama lugha, polepole, kwa mazungumzo na hadithi fupi, huku maana ya masomo mengine ikibaki katika lugha anayoielewa hadi Kifaransa chake kipate miguu.

Mengine yanahitaji fedha na amani, na mwalimu peke yake hawezi kuyaleta. Lakini manne yanawezekana hata katika darasa lililojaa. Mwezi wa kwanza wa trwaziemu utumike kumsikiliza kila mtoto akisoma Kiswahili mmoja mmoja, ili wanaosuasua wajulikane mapema. Swali la hesabu lielezwe kwanza kwa Kiswahili, ndipo liandikwe kwa Kifaransa. Kiitikio kipungue, vibao vitumike: mwalimu anauliza, kila mtoto anaandika, wote wanainua pamoja, na macho ya mwalimu yanawaona waliokosa. Tena mkurugenzi asimweke mwalimu mgeni zaidi katika darasa hili eti kwa sababu halina mtihani wa taifa. Hapa ndipo anapotakiwa mwalimu mwenye uzoefu na subira.

Nawe mzazi, usingoje darasa la sita. Jioni hii fungua kaye la mtoto wako wa trwaziemu, mwonyeshe alichoandika kwa Kifaransa, umwambie akusimulie kwa Kiswahili. Akiweza, mpongeze. Akishindwa, usimchape wala usimwite mjinga. Kesho asubuhi nenda ukaongee na mwalimu wake.